Uzi Uliosokotwa kwa Kushoto

Chechelesi, Isiolo
Jumapili, jua likianza kupoa

Nakiru mwanangu,

Umeenda Ngaremara kumuaga nyanya yako, na mdogo wako amelala, kwa hivyo nimepata nafasi ya kushika kalamu kabla hujarudi. Habari za blanketi, sabuni na sanduku sitaziandika. Hizo tumezisema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, nimesikia, hata sanduku limesikia." Nilikupiga na kitambaa cha vyombo lakini nilicheka, uliniona.

Barua hii ni ya kitu kingine. Ule mkufu mpana uliomleta Mwalimu Karimi mpaka kwetu, ule unaokufanya kesho upande gari uende shuleni kwake huko Meru, niliuita wangu mbele ya watu. Ulikuwa wako. Hujawahi kuniuliza kwa nini, na mimi sijawahi kufungua mdomo. Sitaki uondoke kabla sijayaandika maneno haya kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la tano. Pale utakapopotea, soma polepole.

Nianze na mkono wako.

Ulipokuwa na miaka minne hivi niliona kila kitu unakichukua kwa kushoto. Kijiko, jiwe, chuchu ya mbuzi. Kwetu hakuna aliyekuwa mashoto, wala kwa kina baba yako. Siku moja Mama Adan wa nyumba ya pili alituletea maziwa ya ngamia, akakupa kikombe, ukakipokea kwa ule mkono. Akakivuta nyuma. Unamjua Mama Adan, anapenda watoto na hajui kunyamaza.

"Haiya! Mama Nakiru, huyu mtoto utampeleka wapi na mkono ya choo? Akisalimia wazee na hii watasema ni sisi majirani tumemharibu."

Alisema kwa mzaha, hata maziwa akakupa. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, baba yako yuko barabarani na malori ya mifugo, na kila mtu aliyepita mlangoni niliona amekuja kunipima kama mimi ni mama kweli. Siku hiyo hiyo nilipasua kipande cha leso nikakufunga mkono wa kushoto kiunoni. Asubuhi nafunga, jioni nafungua. Hukulia. Ulikula kwa kulia ukimwaga nusu, kuku wakafurahi. Nilikufunga hivyo mpaka mvua ikaja ikaisha. Mwishowe ukala kwa kulia, ukasalimia kwa kulia, na ulipoanza shule ukaandika kwa kulia. Watu walinisifu, na sifa zile nilizipokea zote.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mkono ule haukwenda popote. Ulikuwa unangoja kazi yake.

Wakati huo nyanya yako alikuwa bado anatengeneza shanga za vigae vya mayai ya mbuni. Ulikuwa unakaa mbele yake kama paka mbele ya nyama. Anavunja vigae vidogo, anaviloweka, anatoboa kila kimoja katikati kwa ncha ya chuma, anavitunga vyote pamoja kwenye uzi mmoja, kisha anausugua ule uzi mzima juu ya jiwe lenye maji mpaka vyote viwe mviringo kwa pamoja. Hakuwahi kulainisha ushanga mmoja mmoja. Nilipokuwa msichana nilijaribu njia ya mmoja mmoja nikadhani mimi ni mjanja. Nilipozitunga, mmoja mnene, mwingine mwembamba, uzi ukaonekana kama mdomo wa mzee. Nyanya yako aliutazama akasema, "Akai, hii ni ya kufunga ng'ombe." Tangu siku hiyo niliacha. Hilo pia ni kosa langu, kwamba mtu akinicheka mara moja mimi naondoka.

Kisha serikali ikapiga marufuku uwindaji na biashara ya vitu vya wanyama wa porini, na watu wakaogopa hata kuonekana na kigae cha yai. Nyanya yako alikasirika akalifukia jiwe lake nyuma ya boma. "Sasa nitasugua nini? Ugali?" Shanga za dukani hatukuwa na uwezo nazo. Nilidhani mambo ya shanga yameisha kwetu.

Lakini wewe ulikuwa umeanza kutembea ukiangalia chini. Nilikuwa nakutuma kuni unarudi na kuni tatu na mfuko umejaa. Makoma, yale matunda ya mkoma, kutoka mtoni, mifupa ya mbuzi kutoka nyuma ya bucha, vigamba vya konokono, mbegu za mgunga, mizizi iliyooshwa na mafuriko. Nilikugombeza nikisema nyumba si jaa la taka. Ukaniambia, "Mama, hii si taka, hii haijaanza." Ulikuwa na miaka minane. Nimelibeba neno hilo mpaka leo, na mara nyingi nikiwa nimeinama kwenye karai la nguo za watu, mgongo unauma, najiambia pengine na mimi sijaanza.

Hakuna aliyekufundisha kwamba ndani ya koma, ukishapita nyama na ganda, kuna kiini cheupe kigumu kama jino, na kwamba ukikikata vipande vyembamba kikiwa bado kibichi kidogo, kinatobolewa bila kupasuka. Ulijua mwenyewe, baada ya kuharibu mfuko mzima. Mifupa uliichemsha na majivu mpaka ikatoa mafuta yote, mingine ukaifukiza moshi ikawa rangi ya chai, mingine ukaizika kwenye tope la mto ikatoka nyeusi. Ulitoboa kwa waya wa gurudumu la baiskeli uliochomwa kwenye jiko. Mbegu hukuzichemsha mwanzoni. Nakumbuka ulivyoniita asubuhi moja huku umeshika uzi wa mbegu na uso wa askari. "Mama, kuna mtu anatoboa shanga zangu bila ruhusa." Walikuwa dumuzi, wadudu wala mbegu. Walikuwa ndani tangu zamani, wakatoka kila mmoja kwa mlango wake. Mimi ningetupa kila kitu. Wewe ulikaa chini ukazihesabu zilizopona, ukasema zinazofuata zitapita kwenye maji ya moto kwanza, basi. Hukujionea huruma hata kidogo. Nilikuangalia nikajiuliza huyu mtoto ametoka kwa nani.

Uzi ulisokota kwa katani ya porini, ile yenye majani kama mikuki, kama nyanya yako anavyofanya, kwa kuviringisha nyuzi juu ya paja. Mimi na nyanya yako tunaviringisha kwa kiganja cha kulia juu ya paja la kulia. Siku moja nilichukua uzi wako nifungie gunia la makaa. Nikataka kuuongeza urefu, nikauviringisha na wangu, ukanikataa. Kila nikikaza, wako unafunguka. Nikajua umesokotwa kinyume. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikakukuta umekaa kwenye kivuli, paja la kushoto, kiganja cha kushoto, unaviringisha haraka kuliko nyanya yako. Nilikuwa na mwiko mkononi nikakupiga nao kwenye vidole. Uliuficha mkono chini ya paja ukasema polepole, "Mama, uzi unajua huku tu."

Nikarudi kwenye karai langu. Sikukuacha kwa sababu ya hekima, Nakiru, usinipe sifa hiyo. Nilikuacha kwa sababu nilikuwa nimechoka na nguo zilikuwa zinangoja. Kuna mema mengi niliyokutendea kwa uchovu tu.

Halafu ukatengeneza mkufu. Ulianza mvua za masika zikiisha, ukamaliza masika mengine yakianza. Mpana wa kufunika mabega, mistari tisa, kila mstari umeshonwa kwa jirani yake. Mtu mwingine angeweka rangi zikigombana ili watu wageuke. Wewe uliziweka zikifuatana, nyeupe ya koma, kisha nyeupe ya mfupa ambayo si nyeupe sana, kisha ile ya chai, kisha kahawia ya mbegu, mpaka nyeusi ya tope kwenye ukingo, kiasi kwamba jicho halijui limehama saa ngapi. Vigamba vya konokono uliviweka vitatu tu, si katikati bali upande mmoja. Nilikuambia weka na huku vilingane. Ukasema, "Mama, vikilingana vinalala." Nilidhani ni ukaidi. Siku uliponivisha nikajitazama kwenye kipande cha kioo, shingo yangu ile ile ya kila siku, nikaona mtu ambaye sikuwa nimemwona tangu niolewe.

Ndiyo maana niliuchukua siku ya maonyesho ya akina mama. Nakuapia, nilipotoka nyumbani nia yangu ilikuwa kuuonyesha tu. Ulikuwa nyuma yangu umembeba mdogo wako mgongoni. Mwalimu Karimi akaja kwenye meza yetu, mgeni kutoka Meru, mwalimu wa sanaa, na viatu safi. Alipita vikapu vyote, akasimama pale. Hakuugusa. Aliinama akausoma kama barua.

"Nani ameufanya?"

"Mimi," nikasema.

Neno lilitoka kabla yangu. Nimejiuliza mara nyingi lilitoka wapi. Nadhani ni hivi: kwa miaka yote niliyokuwa mke na mama hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza nimefanya nini. Waliniuliza kama nguo zimekauka. Yule mwalimu aliniangalia usoni akingoja jibu, na nilitaka aendelee kuniangalia hivyo kidogo tu. Wewe uliangalia chini ukampapasa mdogo wako, ingawa hakuwa analia.

Uongo huo ulikuwa mdogo asubuhi, na kufikia jioni ulikuwa umepata kazi. Mama Kendi, mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama, alisimama mbele ya wote akasema tumepata fundi, kuanzia sasa Mama Nakiru atatufundisha. Wakapiga vigelegele, mkufu wakautundika ukutani kwenye chumba cha chama. Na mimi nikainama kama bibi arusi.

Sasa nakuja mahali panaponichoma zaidi. Kila Jumanne jioni nilikuwa nakaa karibu nawe ninajifanya nachambua mchele, naangalia mikono yako. Jumatano naenda kwenye chama nasema, "Fanyeni hivi." Na wewe ulijua. Nilikuona. Kila Jumanne ulikuwa unapunguza mwendo. Mahali pagumu unarudia mara mbili, unageuza kazi upande wangu ili mwanga uingie. Hukusema neno. Mtoto wa miaka kumi na minne, mama yake anamwibia, naye anamshikia taa. Nimemsifu Mungu kwa vitu vingi, lakini kwa hilo nilishindwa hata kusifu, niliona aibu tu.

Halafu panya wakakata uzi wa mkufu pale ukutani kwenye chumba cha chama, na Mwalimu Karimi alikuwa amerudi kututembelea wiki hiyo hiyo. Uliniletea mdogo wako anyonye, kwa hivyo ulikuwepo. Mama Kendi akaushusha akaniwekea mapajani. "Mama Nakiru, tengeneza hapo, mgeni aone vile fundi anashika kazi."

Wote wakasogea. Nikachukua katani, nikaviringisha kwa kulia, nikaunganisha na ncha ya uzi wako. Nikakaza. Wako ukafunguka. Nikalowesha kwa mate, nikakaza tena. Ukafunguka tena, na shanga mbili za mfupa zikaanguka zikaenda chini ya benchi.

"Leo uzi amekataa bwana yake," Mama Adan akasema, na wengine wakacheka.

"Uzi umezeeka," nikasema.

"Umezeeka tangu mwaka jana?" akauliza Mama Kendi. Hakuwa anacheka.

Ndipo ukanipa mtoto, ukapiga magoti, ukauchukua mkufu kutoka mapajani mwangu. Ukavuta gauni juu ya goti la kushoto, ukaviringisha mara nne, tano, uzi ukashika kama haujawahi kukatika. Ukaokota zile shanga mbili ukazirudisha mahali pake bila hata kutafuta. Halafu ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama macho yake yamechoka na sabuni."

Mwalimu alikuuliza pale pale, "Mwanangu, wewe ni mashoto?"

"Kwa uzi tu, mwalimu."

Akanitazama mimi. Nikamtazama mtoto anavyonyonya. Yule mama ana adabu, hakuniuliza kitu. Lakini baada ya matokeo yako kutoka alikuja mpaka hapa mlangoni, akasema anataka Nakiru shuleni kwake. Hakusema anamtaka fundi wa chama. Alisema Nakiru.

Uliniokoa siku ile, na mimi nilikubali kuokolewa, nikanyamaza miezi mingine. Sasa nikuambie na kosa lako, kwa sababu mimi bado ni mama yako na kesho sitakuwa karibu kukuambia. Kunyamaza kwako kulikuwa na upendo, lakini kulikuwa na kiburi kidogo pia. Ulikuwa unangoja nijikwae mwenyewe. Nilikuona siku nyingine unavyotabasamu ninapokosea kutunga, halafu unaficha. Huko unakoenda utakutana na wasichana wasiojua kushika sindano, na utakutana na wengine watakaochukua kitu chako waseme chao. Wa kwanza usiwacheke, unajua mimi kicheko kimoja kilinifukuza kwenye kazi. Wa pili usiwanyamazie kama ulivyoninyamazia mimi. Sema, "Hiyo ni yangu." Sema taratibu, lakini sema siku hiyo hiyo. Ungeniambia mimi siku ile ya maonyesho ningekasirika, labda ningekupiga. Lakini ningelala usingizi mwaka mzima.

Leo baada ya kanisa, wewe ulipoenda kwa nyanya yako, mimi nilienda kwenye chama. Walikuwa wanafagia chumba. Nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni nikasema yote kwa mara moja, nisije nikapata nafasi ya kujitetea. Nikasema mkufu ni wa Nakiru, mafundisho yote ya Jumatano ni ya Nakiru, mimi nilikuwa mpita njia tu.

Kisha Mama Adan akaegemea ufagio wake.

"Aleikum salaam, Mama Nakiru, umefika? Sisi tulifika siku ile ya panya."

Walijua wote! Mama Kendi alisema walikuwa wameamua kuningojea. Alisema pia, na alisema kwa ukali, kwamba waliumia kuona mtoto anapiga magoti kumfichia mtu mzima. Nilikubali. Sina la kuongeza hapo. Kazi ya ufundi nimeirudisha. Jumatano nitakaa kwenye mkeka na wengine, tutafumbua pamoja yale tuliyoyashika kutoka kwako.

Kuna karatasi pale ukutani chini ya mkufu, umeiona, imeandikwa kwa kalamu nzito: KAZI YA MAMA NAKIRU. Kwa mwaka mzima nilipokuwa napita pale nilikuwa najidanganya, si jina lake limo? Mama Kendi akatafuta karatasi mpya aandike upya. Nikamwambia asipoteze karatasi, anipe kalamu. Nikafuta neno moja. Mstari haukunyooka, lakini sasa inasomeka sawasawa.

"Na wewe utaitwa nani sasa?" Mama Adan akauliza.

Nikamwambia, "Nyumbani bado wananiita Mama. Kama binti yangu atataka."

Nimemaliza. Nasikia mdogo wako anaamka. Barua hii nitaitia kwenye kitabu chako cha hesabu, uisome ukishafika, si mbele yangu, kwa sababu sijui nitaweka uso wapi. Huko watakuuliza ulijifunza wapi na nani alikufundisha. Waambie ukweli wote jinsi ulivyokuwa, hata mahali ambapo mimi sionekani vizuri. Nimeshausema mimi kwanza, kwa hivyo hutakuwa unanishtaki.

Ni mimi niliyekuzaa na ninayejifunza kwako,
Akai